Povu juu ya Kidonda

Wengi wanaifahamu dawa ya maji iitwayo haidrojeni peroksaidi, ambayo ikimiminwa juu ya kidonda hutoa povu jeupe. Hudhaniwa kwamba povu lile ni uchafu unaotoka. Sivyo. Povu lile ni kazi ya damu yenyewe. Ndani ya damu na nyama mna kimeng'enya kiitwacho katalesi, ambacho huivunja dawa hiyo papo hapo ikawa maji na oksijeni. Viputo vya oksijeni ndivyo povu.

Lakini kwa nini mwili uwe na kinga dhidi ya dawa ya dukani? Ni kwa sababu mwili wenyewe huitengeneza. Chembechembe nyeupe za damu, ambazo ndizo askari wa mwili, zikikutana na vijidudu huvishambulia kwa oksijeni kali ya namna hiyo. Silaha hiyo haichagui. Huunguza adui na raia pamoja. (Ndiyo maana waganga wa siku hizi hawapendelei kuimimina dawa ile juu ya kidonda kila siku.) Basi mwili umeweka walinzi: katalesi, na mwenzake superoksaidi dismutesi, ambaye kazi yake iligunduliwa mwaka 1969 na Joe McCord na Irwin Fridovich wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani.

Vita vikibaki kidondani, hudhibitiwa. Taabu huanza pale maambukizo yanapouvuruga mwili mzima, hali iitwayo sepsisi. Hapo mapigano yenyewe huharibu mapafu, figo, ini, moyo na hata ubongo. Inakadiriwa kuwa mwaka 2017 watu wapatao milioni 11 duniani walikufa kwa sababu zinazohusiana na hali hiyo.

Watafiti wamejiuliza: je, walinzi hao wakipimwa katika damu, hawawezi kutuarifu mapema kuwa kiungo kinazimika? Fikira ni njema, ila utekelezaji una matata. Chembe nyekundu zimejaa vimeng'enya hivyo. Zikipasuka, hata wakati wa kutoa damu, kipimo hupanda bila kiungo kudhurika. Tena tafiti hazilingani: huku vimepanda, kule vimeshuka. Kwa hiyo hakijawa kipimo cha kila siku wodini.

Zipo dalili nyingine, nazo mama nyumbani aweza kuzitambua kwa saa ya mkononi. Mtu mzima mwenye maambukizo anayepumua mara 22 au zaidi kwa dakika, anayechanganyikiwa maneno, au ambaye mkojo wake umepungua mno, apelekwe hospitali saa ile ile, hata kama ni usiku wa manane.

Kuhusu mapafu, Kigali imeufundisha ulimwengu jambo. Kanuni za Berlin za mwaka 2012 za kutambua mapafu yaliyozimika ghafla zilidai mashine ya kupumulia, kipimo cha gesi katika damu ya mshipa, na picha za kifua. Katika Hospitali ya Chuo Kikuu cha Kigali, CHUK, wagonjwa wengi hawakuweza kupata hayo yote. Madaktari wa hapo na wenzao kutoka Marekani wakatumia kifaa kinachobanwa kidoleni kupima oksijeni, pamoja na ultrasaundi ya kifua. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016. Kati ya watu wazima 1,046 waliochunguzwa, kanuni za Berlin hazikumwona mgonjwa hata mmoja. Kanuni za Kigali ziliwaona 42, na nusu yao walifariki hospitalini. Sifuri ile inatisha kuliko 42: watu walikuwa wakifa kwa ugonjwa ambao, katika karatasi, haukuwapo.

Mwaka 2023 jopo la wataalamu wa mataifa mbalimbali lilitoa kanuni mpya za dunia nzima. Kifaa cha kidoleni na ultrasaundi vimo ndani yake.