Kompyuta Nzima Ndani ya Kontena

Aliyekulia Kighare, au kokote milimani Upareni, hahitaji kuelezwa maana ya mgao. Maji ya kijito hukusanywa usiku kwenye ndiva, asubuhi hufunguliwa yakashuka mferejini, na kila shamba lina zamu yake.

Kontena la programu huishi hivyo hivyo ndani ya seva. Lina mafaili yake na halioni ya jirani, lakini makontena yote hunywa kutoka kerneli moja, moyo wa mfumo wa Linux. Msimamizi wa zamu huitwa cgroups. Wahandisi wa Google walianza kuiunda mwaka 2006, ikaingia kwenye Linux mwaka 2008.

Sasa fikiria SACCOS yenye hesabu za wanachama kwenye programu ya enzi za Windows XP, mfumo ambao Microsoft waliacha kuuhudumia tarehe 8 Aprili 2014. XP haikubali kutumia kerneli ya mwenzake. Inadai kompyuta nzima. Basi hupewa kompyuta ya kuigiza, yaani mashine pepe, na mashine hiyo hufungwa ndani ya kontena ili ihamishike kwa urahisi kutoka seva hadi seva.

Mwigaji maarufu ni QEMU, iliyotolewa mwaka 2003 na Mfaransa Fabrice Bellard. Mfikirie bibi anayesema Chasu tu, yaani Kipare, amefika kwa daktari asiyekijua. Mjukuu hukaa katikati akitafsiri. Maneno aliyokwisha kuyatafsiri huyakumbuka, yakirudi hayamsumbui tena. QEMU hufanya hivyo kwa amri za kichakataji. Ni ufundi wa kupendeza sana, ila mazungumzo hurefuka.

Daktari akiwa naye anasema Chasu, mjukuu hukaa pembeni. Hiyo ndiyo KVM, iliyoingia Linux mwaka 2007: amri za mashine pepe huenda moja kwa moja kwenye kichakataji halisi, mradi kichakataji cha kuigiza na hicho halisi ni vya ukoo mmoja. Lakini kontena haliuoni mlango huo, /dev/kvm, mpaka ulifungulie. Wengi husahau, mashine ikajikokota, wakakimbilia kununua seva mpya. Fungua kifaa hicho kimoja tu. Usilipatie kontena mamlaka yote ya mwenye seva.

Kuna na kosa la mgao. Mashine pepe hujiona ina kumbukumbu yake, kumbe maji ni yaleyale ya ndiva. Kontena likipewa gigabaiti 2 na mashine iliyomo ikaahidiwa zote 2, QEMU yenyewe haibakiwi na kitu. Kikomo kikivukwa, kerneli huizima ghafla, hata kama karani yuko katikati ya kuandika marejesho ya mkopo.

Nawasihi mnaotunza hesabu za watu: XP msiiunganishe na intaneti, na faili la diski ya mashine pepe liwekeni nje ya kontena. Likiachwa ndani, siku kontena litakapofutwa, akiba zote zilizoandikwa humo zitafutika nalo.