Swali Kwanza, Jembe Baadaye

Mtaala ulioboreshwa, ulioanza kutumika Januari 2024, unamtaka mwalimu wa Tanzania amfundishe mtoto kwa kumpa kazi ya kutenda na kufikiri. Dai hilo si geni. Machi 1967 Mwalimu Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea, akaeleza kuwa shule iwe na shamba, na wanafunzi washiriki kuamua nini kilimwe na mapato yatumikeje, hata wakikosea. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 shule ya Kwamsisi, mkoani Tanga, ilijaribu kwa dhati kufunga masomo na maisha ya kijiji. Kwingi, hata hivyo, jembe lilibaki na uamuzi ukaondoka. Watoto walilima, mwalimu wa zamu akahesabu waliohudhuria, basi. Wazazi wengi waliopita katika mashamba hayo wakisikia leo neno mradi, wanakumbuka jasho tu.

Kwa hiyo nianze na tofauti kati ya mradi, kazi na zana. Mradi wa kielimu huanza na swali ambalo darasa halijui jibu lake, na ambalo linaweza kujibiwa kwa kupima, kuuliza na kulinganisha. Kulima shamba la shule ni kazi. Gari la mbao lililochongwa usiku wa kuamkia siku ya kukusanya alama ni zana. Vyote vina faida yake, lakini hakuna anayelazimika kufikiri upya kwa sababu ya matokeo yake.

Kasense, kata ya Manispaa ya Sumbawanga, ina swali la namna hiyo mlangoni. Wafipa tangu zamani hulima intumba: vichuguu vya duara vinavyoinuliwa mvua zikiwa zinaelekea mwisho, nyasi zikifukiwa ndani ili zioze. Juu yake hupandwa maharage au mazao mengine mepesi, na msimu unaofuata udongo ule wenye rutuba husambazwa, ukapandwa ulezi au mahindi. Ni njia ya kurutubisha ardhi bila kununua chochote. Je, kwa maharage, intumba inalipa kuliko matuta marefu ya kawaida?

Ratiba ya shule inakubaliana na swali hili vizuri mno. Muhula unaanza Januari, mvua ipo. Februari au mwanzoni mwa Machi darasa la sita linaandaa vipande viwili vya ardhi vyenye ukubwa sawa, kimoja cha intumba, kingine cha matuta. Mbegu ni ile ile, siku ya kupanda ni ile ile. Kabla ya hapo kila mtoto amemuuliza babu au bibi kwa Kifipa kwa nini nyasi hufukiwa na kwa nini vichuguu havijengwi kiangazi, kisha ameandika majibu kwa Kiswahili sanifu. Hilo tayari ni somo la lugha. Kuoza kwa nyasi ni sayansi. Mvua zikikoma na maharage yakikauka, karibu na likizo ya Juni, ndipo hisabati inapoingia.

Hapo ndipo ningependa kila mwalimu akae zaidi. Tuseme kipande cha intumba kilikuwa na miche 40, kikatoa makopo 4 ya maharage. Kipande cha matuta kilikuwa na miche 60, kikatoa makopo 5. Kundi moja litashangilia matuta, kwa kuwa 5 ni kubwa kuliko 4. Kundi jingine litagawanya: kopo moja kwa miche 10 upande wa intumba, kopo moja kwa miche 12 upande wa matuta. Intumba imeshinda! Mwalimu asiamue haraka. Aulize: mwenye ardhi kidogo na mbegu nyingi angechagua kipi? Na mwenye ardhi tele anayenunua mbegu kwa bei ghali je? Mtoto aliyejibishana juu ya makopo yale haelezwi tena wastani una kazi gani. Halafu bado kuna suala la mwaka unaofuata, rutuba itakapoonekana, ambalo darasa hili litawarithisha wadogo zao pamoja na daftari la kumbukumbu.

Makopo hayo hayahitaji bajeti. Kopo moja lile lile, kamba yenye mafundo na rula vinatosha. Wingi wa wanafunzi ndio mzigo halisi, nami siudharau: mwalimu mwenye watoto 90 hawezi kusimamia miradi 90. Aunde makundi ya watoto saba au wanane, kila kundi likiwa na mpimaji, mwandishi na msemaji, na nafasi hizo zizunguke kila wiki, la sivyo wepesi wa kusema watafanya kila kitu na wasichana wataachiwa kuchota maji.

Kuna pia kutoelewa kunakoniumiza: kudhani kwamba mwanafunzi akiwa kitovu, mwalimu anakaa pembeni. Mwaka 2006 watafiti Kirschner, Sweller na Clark walichapisha makala iliyojadiliwa sana, wakionya kuwa anayeanza kujifunza jambo huelemewa akiachwa agundue peke yake. Nakubaliana nao kwa sehemu hiyo. Wastani ufundishwe ubaoni, kwa mifano na mazoezi, kabla ya mavuno. Jedwali la kuandikia vipimo lichorwe pamoja. Kinachoachwa mikononi mwa watoto ni uamuzi wa nini kipimwe, na maana ya kilichopatikana.

Alama nazo zifuate hapo. Kundi ambalo maharage yake yaliliwa na wadudu, likaeleza kwa ushahidi kilichotokea na lingebadili nini, lipate alama kubwa kuliko kundi lenye mavuno mazuri na daftari tupu. Walimu wakuu wakikubali hilo kwa maandishi, watoto wataacha kughushi takwimu.

Kwa wazazi wa Kasense nina ombi moja: mtoto akija na daftari kuuliza intumba hujengwaje, msimwambie akacheze. Mchukueni shambani, mjenge kimoja naye, na mjibu kila anachouliza.