Podo la babu lina bei gani?

Likizo iliyopita nilifika nyumbani Lusangi, nikakuta baba mdogo ameshusha podo la babu kutoka darini, pale juu ya jiko. Mtu mmoja alipita na pikipiki akinunua vitu vya zamani, akataja bei inayotosha minerval yangu ya mwaka mzima. Mimi njo mwenye deni shuleni, na mimi njo niliyesema tungoje kwanza.

Ndani mna mishale saba. Minne ina chuma. Mitatu ni mti mtupu, ncha imechongwa na kukaushwa motoni, na pale pa manyoya kuna kipande cha jani kavu. Mshale wa namna hiyo wanao pia Wambuti wa Ituri. Ni mwepesi sana, kinachoua ni sumu. Sumu nyingi za mishale ya Afrika zinatoka kwenye mimea kama strofantusi, inayovuruga moyo mpaka unasimama. Kule Amazoni wawindaji wanapuliza vishale kwa bomba refu, na sumu yao ya kurare inalegeza misuli hadi pumzi inakatika. Shingo ya kishale wanaikata kidogo kwa taya la samaki piranha, ili kikivunjika ncha ibaki mwilini mwa nyani. (Akili hiyo hakuna aliyeisomea iniversite!) Mara nyingi taya lenyewe linaning'inia pembeni ya podo, pamoja na kibuyu cha sufi.

Watozaji wa Ulaya wanataka vyote hivyo vikae pamoja, tena vijulikane vilitoka mto gani, kwa nani, mwaka gani. Mnunuzi wetu hakuuliza hata jina la babu. Februari 2022 Ubelgiji iliikabidhi serikali yetu orodha ya vitu karibu 84,000 vilivyoko makumbusho ya Tervuren. Vitu vingi vya namna hiyo vimekaa kule bila jina la fundi, kwa sababu aliyevichukua naye hakuuliza.

Tena kuna sheria. Ile ya tarehe 15 Machi 1971 inalinda mali ya utamaduni, na kuitoa nchini si jambo la kufunga tu kwenye gunia. Kama ngozi ya podo ni ya chui, mkataba wa CITES unakuja juu yake.

Basi nilichukua daftari. Ncha sikuzigusa, maana sumu kavu inaweza kudumu miaka mingi. Nilimuuliza bibi: nani alichonga, mti gani, ngozi ya mnyama gani, mara ya mwisho liliwindiwa wapi. Alijibu mpaka usiku, kurasa nne. Jina la ule mti alilitaja kwa lugha ya nyumbani, nami sikulijua.

Podo limerudi darini. Minerval bado sijalipa, na mwenye pikipiki amesema atapita tena kiangazi.