Elimu isiyorudiwa hupotea: Kamba ya Warega na masomo ya Wayahudi wa Mbale

KAMPENE, Maniema – Kabla ya daftari na kalamu kufika katika wilaya ya Pangi, Warega walikuwa na njia yao ya kutunza elimu. Iliitwa mutanga: kamba iliyotundikwa vitu vidogo vidogo kama vipande vya vibuyu, manyoya, mifupa na magamba ya konokono. Kila kitu kilibeba methali yake. Mzee alipokishika kimoja mbele ya watu, methali ilitajwa na maana yake ikafafanuliwa.

Katika chama cha Bwami, elimu hiyo ilikuwa na ngazi. Wanaume walipanda madaraja matano, kuanzia kongabulumbu hadi kindi, na katika kila daraja walifundishwa kwa methali, nyimbo, ngoma na sanamu ndogo za mbao au pembe za tembo. Hakuna aliyeyajua yote kwa siku moja.

Mwishoni mwa miaka ya 1940, utawala wa Ubelgiji uliupiga Bwami marufuku. Kwa elimu isiyoandikwa, hilo ni pigo kubwa: watu wasipokutana hawarudii, na wasiporudia, kizazi kinachofuata hakipokei.

Pigo la namna hiyo liliwapata pia Wayahudi wa Uganda, wanaoitwa Abayudaya, ambao wanaishi karibu na mji wa Mbale. Jumuiya yao ilianza mwaka wa 1919, wakati Semei Kakungulu, kiongozi wa vita wa Kiganda aliyekosana na Waingereza, alipoamua pamoja na wafuasi wake kuishika Torati. Mwaka wa 1920 mfanyabiashara mmoja Myahudi alikaa nao miezi kadhaa, akawafundisha kalenda na sikukuu. Mwaka wa 1922 Kakungulu alitoa kwa Kiganda kitabu cha kurasa 90 hivi cha sala na maagizo.

Kakungulu alifariki mwaka wa 1928. Idi Amin alipotwaa madaraka mwaka wa 1971, dini ya Kiyahudi ilikatazwa na masinagogi yakafungwa. Waumini waliokuwa wakihesabiwa kwa maelfu walibaki mamia tu. Waliobaki walisali kwa siri majumbani, wakizirudia sala walizozijua.

Amin alianguka Aprili 1979. Katika miaka ya 1980, vijana walikusanyika tena katika kilima cha Nabugoye na kuanza kuufufua urithi wa wazee wao. Mmoja wao, Gershom Sizomu, alikwenda kusoma Los Angeles, akawekwa kuwa rabi mwaka wa 2008, kisha akarudi nyumbani kufundisha.

Kurudia kwa mpango

Kilichowasaidia Abayudaya kusimama tena ni sehemu ya desturi ya zamani. Hata neno Mishna, jina la mkusanyo wa sheria za Kiyahudi uliopangwa mnamo mwaka wa 200, linatokana na neno la Kiebrania lenye maana ya kurudia. Kabla ya hapo walimu waliyashika mafundisho hayo kwa kichwa na kuyapokeza kwa mdomo, kama wazee wa Bwami.

Mpango wao una nguzo tatu. Ya kwanza ni kipimo. Torati imegawanywa katika mafungu 54, ambayo husomwa wiki kwa wiki katika sinagogi mpaka mwaka uishe. Siku wanapomaliza fungu la mwisho, hufungua la kwanza papo hapo.

Talmudi, iliyo kubwa zaidi, nayo ina ratiba yake. Mwaka wa 1923, mjini Vienna, rabi Meir Shapiro alipendekeza kila Myahudi, popote alipo, asome karatasi ileile kila siku. Karatasi hizo ni 2,711, na kuzimaliza huchukua karibu miaka saba na nusu. Mzunguko wa 14 ulianza tarehe 5 Januari 2020 na umepangwa kuisha Juni 2027.

Nguzo ya pili ni mwenzi. Wanafunzi husoma wawili wawili, kwa sauti, wakiulizana na kubishana. Anayeshindwa kumweleza mwenzake hutambua palepale kwamba hajaelewa.

Ya tatu ni kudurusu. Talmudi inamtofautisha mtu aliyerudia somo mara 100 na aliyelirudia mara 101. Wengi wanaofuata ratiba ya kila siku hutenga pia muda wa kurudi nyuma, kwa sababu anayekimbilia ukurasa mpya kila siku huweza kumaliza kitabu bila kubaki na kitu.

Wataalamu wa kumbukumbu wanakubaliana na jambo hilo. Mwaka wa 1885, Mjerumani Hermann Ebbinghaus alionyesha kwamba sehemu kubwa ya tunachojifunza hupotea katika saa na siku za kwanza, na kwamba kurudia kwa kuachanisha siku kunasaidia kuliko kurundika yote siku moja.

Kwa mwanafunzi wa Kampene

Njia hii haihitaji umeme wala intaneti. Mtoto wa madrasa anayehifadhi Kurani anaifahamu, na mwanafunzi anayejiandaa kwa mtihani wa taifa anaweza kuitumia: sehemu ndogo kila siku, rafiki mmoja wa kuulizana naye, na siku maalumu ya kurudi kwenye somo la jana, la wiki iliyopita na la mwezi uliopita.

Kuhusu methali za Kirega, jambo ni la haraka zaidi. Baadhi zimeandikwa na watafiti, akiwemo Mbelgiji Daniel Biebuyck, aliyeanza kazi kati ya Warega katika miaka ya 1950. Lakini Abayudaya pia walikuwa na kitabu, na bado walihitaji watu wa kukisoma na kukirudia pamoja. Mutanga unaweza kuwekwa katika makumbusho na vitu vyake vyote vikiwa vimetundikwa. Asipokuwepo wa kusema methali ya kila kimoja, inabaki kamba tu.