Nairobi Half Life: Onyo Lililopuuzwa

Mwaka 2012, Nairobi Half Life ya mwongozaji David "Tosh" Gitonga ikawa filamu ya kwanza ya Kenya kuwasilishwa kuwania Oscar ya filamu za lugha za kigeni. Tulishangilia sifa hiyo, lakini onyo lililokuwa ndani yake hatukulisikia.

Mhusika mkuu, Mwas, anatoka kijijini akitaka kuwa mwigizaji. Katikati ya jiji anaporwa, kisha anakamatwa na kutupwa selo, ambako anakutana na Oti, kiongozi wa genge la wezi wa spea za magari. Genge hilo linadumu kwa sababu kuna polisi wanaopata mgao. Mambo yanapoharibika, vijana wanapigwa risasi bila kuonana na hakimu. Vifo vyao havimalizi wizi. Vinachoondoa ni ushahidi.

Kwenye karatasi hatukukosa kinga. Katiba ya 2010 inataka mshukiwa afikishwe kortini ndani ya saa 24, na sheria ya 2011 iliunda IPOA, mamlaka ya kuwachunguza polisi. Hata hivyo, mwaka 2016 wakili Willie Kimani aliuawa pamoja na mteja wake na dereva wao wa teksi. Ilichukua miaka 6 kwa maafisa wa polisi kupatikana na hatia. Juni 2025 mwalimu Albert Ojwang alifia mikononi mwa polisi katika Kituo Kikuu cha Polisi, katikati ya jiji. Polisi walidai alijigonga ukutani. Upasuaji wa maiti ukakanusha.

Matumaini nayo yamepungua. Mwas alipata jukwaa kwa Phoenix Players, kikundi cha Barabara ya Bunge kilichofunga ukumbi wake mwaka 2017 kwa kulemewa na kodi ya pango. Kijana wa Kawangware mwenye kipaji anaishi jirani na majumba ya Lavington, lakini jukwaa la kumlipa halioni. Genge halimwombi vyeti wala uzoefu.

Serikali ya Kaunti ya Nairobi ijenge kumbi za umma Kawangware na Kangemi, nasi tuzidai kama tunavyodai maji na barabara. Kesi za mauaji yanayofanywa na polisi zisikilizwe upesi. Kijana aliyekosea apelekwe kwa hakimu, kwani nchi inayomuua mshukiwa kichakani imekiri kwamba mahakama zake si za maskini.