Saa Moja Jioni, Kinu Hakizunguki

Binamu yangu ana kinu cha kusaga mahindi huko Kiminini, kando ya barabara itokayo Kitale kwenda Webuye na Bungoma. Akina mama wakimletea madebe yao saa moja jioni, huwaomba wamwachie hadi alfajiri. Si uvivu. Saa hizo stima huwa dhaifu mno. Mota hunguruma bila kuzunguka, na akiilazimisha itaungua. Moja imekwisha kuungua. Ndani ya nyumba balbu imegeuka rangi ya chungwa, na mwanawe wa kidato cha nne ameinamia kitabu kama anayekinusa.

Msomaji atauliza: je, Kenya si ndiyo inayosifiwa kwa mvuke wa Olkaria na upepo wa Turkana? Ndiyo. Takriban sehemu tisa kwa kumi za umeme wetu hutokana na mvuke, maji, upepo na jua. Taabu ni njia ya kuufikisha, na ghala la kuuweka.

Umeme ukisafiri mbali hupungua nguvu, kama maji ya mfereji mrefu wenye nyumba nyingi: wa mwisho hupata matone. Volti zikipandishwa, upotevu hupungua. Magharibi ya Kenya iko mwisho wa mfereji. Ajabu ni kwamba zamani ilikuwa karibu na mwanzo! Mwaka 1958 laini ya kilovolti 132 ilileta umeme wa Owen Falls, Uganda, kupitia Tororo hadi Nairobi, ikikatiza juu ya mashamba ya watu waliowasha koroboi.

Baadaye lilikuja bwawa la Turkwel mwaka 1991, lenye megawati 106, na laini ya kilovolti 220 hadi Lessos. Shirika la KETRACO, lililoundwa 2008, nalo likajenga laini ya kilovolti 132 kutoka Eldoret hadi Kitale. Lakini watumiaji waliongezeka upesi kuliko nyaya. Kufikia 2025 mahitaji ya jioni yalipita megawati 2,300, na Rais William Ruto akakiri kwamba baadhi ya sehemu huzimiwa saa hizo.

Na ghala? Jua hutua wakati hasa sufuria zinapotiwa jikoni. Usiku wa manane, watu wakilala, mvuke wa Olkaria huachiliwa hewani bure.

Kuna hatari nyingine. Ijumaa usiku, Agosti 25, 2023, karibu nchi nzima ilizama gizani. Kampuni ya umeme ilisema mitambo ya upepo ya Turkana ilikatika ghafla. Wenye mitambo wakajibu kuwa volti za gridi ndizo zilizopanda kupita kiasi. Vyovyote iwavyo, chanzo kikubwa kikitoka ghafla, mwendo wa gridi wa mizunguko 50 kwa sekunde hushuka, na mitambo mingine hujizima isiharibike. Betri kubwa zingeziba pengo hilo kufumba na kufumbua, kisha maji ya Turkwel yakapokea zamu. KenGen imekuwa ikipanga betri za namna hiyo.

Binamu yangu hana subira ya mipango. Nilipomwona mara ya mwisho alikuwa akiulizia bei ya injini ya dizeli ya mtumba mjini Bungoma.