Chui Hataji Mtaa

Swali ni lile lile, na limeulizwa mno: kijiko cha fedha cha karne ya 18 kina kichwa cha chui, basi karakana ya fundi wake ilikuwa mtaa gani wa London? Wauzaji wa vitu vya kale ndio wanaoikuza imani kwamba chui anaonyesha mtaa, na inawapotezea watu miaka ya utafiti.

Chui huyo ni muhuri wa ofisi ya kupima fedha iliyokuwa Goldsmiths' Hall, London. Simba aliye kando yake anashuhudia kuwa fedha ni ya asilimia 92.5, chui anataja ofisi iliyopima, basi. Fundi angeweza kuwa anafua fedha mbali kabisa na hapo.

Mtazame Matthew Boulton. Kiwanda chake kilikuwa Soho, karibu na Birmingham, lakini hadi 1773 mji huo haukuwa na ofisi ya kupimia. Alilazimika kupeleka vyombo Chester, zaidi ya kilomita 100, na ndiyo maana vinara vyake vya wakati huo vina muhuri wa Chester. Anayefuata muhuri atafukua vitabu vya kanisa vya Chester hadi macho yamuume, na karakana ya Boulton hataiona humo. Boulton mwenyewe alichoshwa na safari hizo, akalishawishi Bunge, na mwaka 1773 Birmingham ikapata ofisi yake na muhuri wa nanga.

Kinachomtambulisha fundi ni herufi zake. HB za mwandiko wa mkono ni za Hester Bateman, mjane aliyesajili alama yake mwaka 1761. Hata hizo hazina anwani. Anwani iliandikwa kwenye daftari la usajili wa alama, na daftari la mafundi wa vyombo vikubwa la miaka iliyoishia 1773 limepotea.

Kwa hiyo: anza na kitabu cha Arthur Grimwade cha 1976 kuhusu mafundi wa London, kisha orodha ya mafundi iliyowasilishwa Bungeni mwaka 1773. Tafuta wasia kwenye Hifadhi ya Taifa huko Kew, bima za moto za Sun Fire Office, na vitabu vya parokia. Namba za nyumba zilibadilishwa baadaye, kwa hiyo linganisha na ramani ya wakati ule. Muhuri usisuguliwe kwa dawa ya kung'arishia. Mwanga wa pembeni unatosha kuusoma.

Kwa Bateman, njia hiyo inafika mtaa wa Bunhill Row, na wasia wa mumewe John, aliyefariki 1760, unaonyesha alimwachia zana zake za kazi.